Kufyonza tena, kurejesha au kubomoa: kitenzi kipi kibebe maana ya "resorb"?

Anayetafsiri maandishi ya tiba, biolojia au kilimo hukutana mapema na kitenzi ambacho kamusi ndogo hukipitia kwa haraka: "resorb" kwa Kiingereza, "résorber" kwa Kifaransa, "resorbieren" kwa Kijerumani. Jibu la kwanza linalomjia karibu kila mtu ni "kufyonza tena", kwa kuwa "re-" imezoeleka kuwa "tena", na sehemu inayobaki inafanana na "absorb", ambayo ni kufyonza. Nimelitumia jibu hilo kwa muda mrefu katika kazi zangu, na sasa naamini kwamba linapotosha mara nyingi kuliko linavyosaidia. Hapa ninaliweka kando ya vitenzi vingine ambavyo Kiswahili tayari kinavyo, yaani kunyonya, kusharabu, kurejesha, kuyeyuka, kula na kubomoa, ili mwenye sentensi mkononi aweze kuchagua.

Tuanze na asili, kwa sababu kosa lenyewe limeanzia hapo. Kitenzi hiki ni cha Kilatini. "Sorbere" ilikuwa kunywa kwa kuvuta kwa midomo, kama mtu anavyokunywa uji wa moto kidogo kidogo pembeni mwa bakuli. Mzizi wake ni wa kale kuliko Kilatini chenyewe, kwa maana ndugu zake wamo katika Kigiriki cha kale na katika Kilithuania, wakiwa na maana ileile ya kupiga mafunda. Kilipotanguliwa na "ab-" kikawa "absorbere", kumeza kitu mpaka kikatoweka. Kilipotanguliwa na "re-" kikawa "resorbere", na hiki washairi wa Roma walikipenda kwa ajili ya bahari. Vergilius, aliyeishi katika karne ya 1 kabla ya Kristo, alikitumia kwa wimbi ambalo, baada ya kuupanda ufuo kwa nguvu, linageuka na kukimbia likiyavuta pamoja nalo mawe liliyokuwa limeyabiringisha. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi, kwa kuwa amekwisha kusikia kokoto zikikwaruzana maji yanaporudi.

Katika picha hiyo wimbi halifyonzi mara ya pili. Linavuta kwenda nyuma. Kiambishi "re-" cha Kilatini kina maana mbili, "nyuma" na "tena", na katika kitenzi hiki maana iliyotangulia ni ya kwanza. Kiswahili hakina kiambishi kimoja chenye kubeba maana hizo mbili kwa pamoja. Kina "tena" na "upya" kwa tendo linalokaririwa, na kina "rudi", "rudisha", "rejea" na "rejesha" kwa kitu kinachokwenda kilikotoka. Kiingereza kinaweza kuliacha jambo hilo bila kuliamua. Sisi hatuwezi, na kwangu mimi hilo si upungufu wa Kiswahili, kwa sababu kinatulazimisha kuuliza swali ambalo mwanasayansi mwenyewe angepaswa kuulizwa: je, kitu hiki kinafyonzwa mara ya pili, au kinarudishwa?

Kiingereza kilikipokea kitenzi hiki katika karne ya 17, na kwa muda mrefu kilibaki cha vitabuni. Kilipata kazi ya kudumu wanasayansi walipoanza kuchunguza mwili kwa hadubini. Mwaka 1873 Albert von Kölliker, mtaalamu wa anatomia aliyefundisha Würzburg, Ujerumani, alichapisha utafiti wake kuhusu namna mfupa unavyoondolewa katika hali ya kawaida, bila ugonjwa wowote, na akazipa jina la osteoklasti zile seli kubwa zenye viini vingi zinazofanya kazi hiyo. Tangu hapo "resorption" limekuwa neno la kawaida katika elimu ya mifupa na ya meno. Kwa figo, Kiingereza hupendelea "reabsorb". Tofauti hiyo ina maana, nasi tutaihitaji.

Sasa tuvipime vitenzi vyenyewe.

Kunyonya ndicho kitenzi kikongwe na cha nyumbani kuliko vyote. Mtoto hunyonya, mizizi hunyonya maji, na kupe hunyonya damu. Kwa sababu hiyohiyo kimebeba mambo mengi mno. Katika siasa za Tanzania tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, "unyonyaji" na "mnyonyaji" yamekuwa maneno ya lawama, na msomaji mzima hawezi kuyasikia bila kukumbuka dhuluma. Neno la sayansi linahitaji kuwa tulivu. Aidha, kunyonya kunaelekeza mawazo kwenye titi, na pale ambapo mada yenyewe ni uzazi, mkanganyiko huwa mkubwa. Mfugaji wa sungura anapaswa kuelezwa kwamba baadhi ya vijusi hufa mapema na kutoweka ndani ya mji wa mimba bila kutoka nje. Akiandikiwa kwamba vijusi "hunyonywa", atabaki akijiuliza nani ananyonya na nani ananyonyeshwa. "Hufyonzwa na mwili wa mama" humweleza bila wasiwasi.

Kusharabu kina historia ya kupendeza. Kimetoka katika kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kunywa, na ni ndugu wa sharubati. Masikio yakisikia "sharabu" na "sorbere" yakiwa jirani huamini kwamba mzizi ni mmoja, lakini ufanano huo ni wa bahati tu. Lugha hizo mbili ni za jamii tofauti, na kila moja ililitaja tendo la kunywa kwa sauti zake. Katika Kiswahili, kusharabu ni kazi ya mchanga, sifongo, kitambaa na udongo mkavu: kitu kimekaa, kioevu kinaingia, basi. Hakuna uhai wala uteuzi. Kwa hiyo ninakipenda sana katika fizikia na katika elimu ya udongo, na nisingekipeleka kwenye figo, ambayo huchagua nini kipite na nini kibaki. Kina pia shida ya umbo. Kitenzi kinachoishia na irabu "u" hakitupatii kwa urahisi nomino za mtendaji, tendo na chombo, ilhali "fyonza" hutoa mfyonzaji, ufyonzaji, ufyonzwaji na kifyonzaji bila kulazimishwa. Anayeandika kitabu kizima, na si sentensi moja, atauhisi upungufu huo kuanzia sura ya kwanza.

Kufyonza, kwa hiyo, ndicho kitenzi cha msingi kwa "absorb", na sioni sababu ya kukibadilisha. Utumbo mwembamba hufyonza virutubisho, nyuki hufyonza nekta, na mashine hufyonza vumbi. Swali linabaki: je, kukiongezea "tena" kunatupatia "resorb"?

Chukua figo. Kwa mtu mzima mwenye afya, vichujio vya figo huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu kila siku, na mkojo unaotoka huwa lita 1.5 au 2 hivi. Zaidi ya asilimia 98 ya kilichochujwa kimerudi kwenye damu kupitia kuta za mirija midogo. Takriban theluthi mbili ya maji na chumvi hurudi katika sehemu ya kwanza tu ya mrija. Tukiandika kwamba mirija "hufyonza tena maji", sentensi si ya uongo, lakini mwanafunzi anaweza kudhani kwamba mirija hiyo ilikwisha kuyafyonza maji mara moja na sasa inarudia. Kilichotangulia kilikuwa kuchuja. Kinachofuata ni kurudisha. Tukiandika kwamba mirija "huyafyonza maji na kuyarejesha kwenye damu", mwelekeo wa safari unaonekana wote, na baada ya maelezo hayo ya mara ya kwanza kitenzi "kurejesha" pekee kinatosha hadi mwisho wa sura.

Faida yake huonekana zaidi tunapofika kwenye kisukari. Glukosi yote inayochujwa hurejeshwa, ilimradi kiwango chake katika damu hakijavuka takriban miligramu 180 kwa desilita moja. Kikivuka hapo, mirija hushindwa kurejesha yote, sukari inayosalia hutoka na mkojo ikivuta maji pamoja nayo, na mgonjwa hukojoa mara kwa mara na kuona kiu. Mgonjwa akiambiwa kwamba figo zimeshindwa kuirejesha sukari yote iliyochujwa, ameelewa. Akiambiwa kwamba figo zimeshindwa "kufyonza tena sukari", huenda akadhani kwamba sukari ni kitu kizuri anachokosa, na kwamba dawa ni kuongeza kwenye chai. Nimeona nyuso za watu wakisoma sentensi za aina hii, nami sioni kwamba ni jambo dogo.

Mti nao hufanya jambo la namna hiyo. Mbuyu na mingine inayopukutisha majani wakati wa kiangazi haiyaachi majani yaanguke na mali yake yote. Kabla ya kuyaachia, mti huzivunja protini zilizomo, rangi ya kijani hufifia, na sehemu kubwa ya nitrojeni na fosforasi, mara nyingi nusu au zaidi, husafirishwa kutoka kwenye jani kwenda kwenye matawi na shina ili itumike msimu ujao. Elimu ya mimea kwa Kiingereza huita hilo "resorption". Ukiandika kwamba mti "hufyonza tena virutubisho", mkulima atatazama chini, kwenye mizizi, kwa sababu kufyonza virutubisho kwake ni kazi ya mizizi. Andika kwamba mti "huvirudisha shinani virutubisho vilivyo kwenye majani", naye atatazama juu, mahali panapohusika.

Hadi hapa kurejesha kimeshinda. Lakini kinashindwa kabisa kwenye mfupa, na hapo ndipo penye ugumu wa kweli.

Mfupa hai hauko kama nguzo ya zege iliyomwagwa ikaachwa. Kwa mtu mzima takriban asilimia 10 ya mifupa yote hufanywa upya kila mwaka. Osteoklasti hujibandika juu ya mfupa, hutengeneza chini yake nafasi iliyozibwa pembeni, humwaga asidi inayoyeyusha madini ya kalsiamu, kisha vimeng'enya vinavyokata nyuzi za kolajeni. Mabaki yake huchukuliwa na kuingia kwenye damu. Nyuma yake huja seli nyingine zinazojenga mfupa mpya katika shimo lililobaki. Kwa hiyo "resorb" hapa ina hatua mbili ndani ya neno moja, kuvunjwa kwa kitu kilichokuwa na umbo, na kuchukuliwa kwa vilivyovunjika. Figo haivunji kitu, inarudisha tu. Ndiyo maana Kiingereza chenyewe huelekea kutumia "reabsorb" kwa maji na "resorb" kwa mfupa, na ndiyo maana neno moja la Kiswahili kwa yote mawili litakuwa pungufu upande mmoja.

"Mfupa hufyonzwa tena" ni tafsiri mbaya kwa sababu mbili. Kwanza, mfupa huo haukuwahi kufyonzwa hapo awali, ulijengwa. Pili, kufyonza mfupa ni jambo linalojulikana vizuri mezani, mtu anapovuta uboho kwenye mfupa wa supu, na picha hiyo haiondoki kwa urahisi. Kitenzi "kula" kinavutia zaidi, maana Kiswahili hukitumia kwa upana: kutu hula chuma, mchwa hula mbao, bahari imekula ufuo. Osteoklasti hula mfupa; kwa mwanafunzi anayeanza, sentensi hiyo ni sahihi na haisahauliki. Hata hivyo nisingempa mgonjwa. Kuambiwa kwamba mfupa wako unaliwa ni kuambiwa habari ya saratani au ya kidonda ndugu, ilhali kazi hii huendelea ndani ya kila mmoja wetu hata akiwa mzima kabisa. "Kumomonyoka" nako kunafaa pale tu ambapo uondoaji umeuzidi ujenzi, kama inavyotokea kwa wanawake wengi baada ya kukoma hedhi, homoni ya estrojeni inapopungua. Hapo mifupa kumomonyoka ni maelezo ya haki, kwa kuwa panamomonyoka kweli na pengo halizibwi.

Kwa tendo la kawaida chaguo langu ni "kubomoa": seli hubomoa mfupa wa zamani, mwili hufyonza madini yake, kisha mfupa mpya hujengwa. Kubomoa na kujenga ni jozi ambayo kila msomaji anayo, na anayebomoa nyumba ili ajenge nyingine hafanyi uharibifu. Katika andiko la kitaalamu ambapo nomino moja inahitajika, "ubomoaji wa mfupa" unaelezeka mara moja pembeni mwa "ujenzi wa mfupa". Dawa za kundi la bisfosfoneti, wanazopewa watu ambao mifupa yao inamomonyoka, kwa mfano, hupunguza ubomoaji; haziongezi ujenzi. Tofauti hiyo ya matibabu inakaa ndani ya jozi hiyo bila kuhitaji aya ya ufafanuzi.

Jino la utoto liko katikati ya figo na mfupa, na ndilo lililonifanya niyafikirie haya yote. Niliwahi kutafsiri kipeperushi kwa wazazi, na mahali palipozungumzia meno 20 ya utoto niliandika kwamba mizizi "hufyonzwa tena" jino la ukubwani linapokaribia kuota. Mama mmoja aliyekisoma mbele yangu aliniuliza, kwa heshima zote, kama mtoto wake alikuwa anaufyonza mzizi usiku akiwa amelala. Sikuwa na la kumjibu isipokuwa kwamba sentensi ilikuwa mbovu. Alichotaka kujua kilikuwa rahisi: jino lililotoka lilikuwa fupi, halina mzizi, naye alihofu kwamba limekatika na kipande kimebaki ndani ya ufizi. Seli za aina ileile ya osteoklasti zilikuwa zimeubomoa mzizi polepole kwa miezi mingi, mpaka jino likabaki limeshikwa na ufizi tu, likalegea. Hapa nimechagua sentensi ndefu zaidi na sijutii: "Kabla jino la utoto halijang'oka, mwili huuyeyusha mzizi wake kidogo kidogo na kuufyonza, ndiyo maana jino hutoka bila mzizi."

Nimetumia kuyeyusha hapo nikijua kwamba mkemia atanung'unika. Kuyeyuka ni kwa chumvi ndani ya maji na kwa barafu juani. Lakini wagonjwa wamekwisha kukizoea kitenzi hiki katika nyuzi za upasuaji, zile wanazoambiwa kwamba zitayeyuka zenyewe na hawana haja ya kurudi kuzitoa. Kwa hakika nyuzi za asili, zinazotengenezwa kutokana na utumbo wa kondoo au ng'ombe, humeng'enywa na vimeng'enya vya mwili, na nyuzi nyingi za viwandani hukatwa na maji yaliyomo mwilini mpaka zikawa vipande vidogo vinavyofyonzwa. Kwa daktari andika hivyo. Kwa mgonjwa "nyuzi za kuyeyuka" ni jina lililokwisha kukubalika mdomoni mwa watu, na kuliondoa ili kuweka "nyuzi zifyonzwazo tena" ni kumpokonya neno analolielewa.

Pamoja na hayo kuna mahali ambapo "tena" ni sahihi kabisa. Katika jiolojia, fuwele iliyokwisha kuganda ndani ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, huweza kukutana na joto au kemia iliyobadilika, kingo zake zikaliwa na kurudi kuwa kioevu. Wanajiolojia nao hutumia "resorb". Ilitoka katika uji wa mwamba, nayo imerudi humo, kwa hiyo "kuyeyuka tena" inasema kilichotokea, bila kufyonza kokote.

Neno jirani linalopaswa kutengwa ni "adsorb", lililoingizwa katika sayansi mwaka 1881 na Heinrich Kayser, mwanafizikia wa Kijerumani, kwa ajili ya gesi zinazoshikwa juu ya uso wa kitu kigumu bila kuingia ndani yake. Mkaa maalumu anaopewa mtu aliyemeza aina fulani za sumu hufanya kazi hiyo: hunasa sumu juu ya nyuso zake. "Kunasa" kinatosha, na kukichanganya na kufyonza ni kupoteza tofauti ambayo neno hilo liliundwa kuihifadhi.

Mtafsiri anayefanya kazi kutoka Kijerumani ana mtego wake. Katika vitabu vya Kijerumani vya fiziolojia, "Resorption" mara nyingi ni ufyonzaji wa kawaida tu, wa chakula au dawa kutoka utumboni kuingia kwenye damu. Hapo hakuna kurejesha wala kubomoa, na "tena" ikiongezwa inakuwa kosa tupu. Andika "ufyonzwaji wa dawa", uendelee.

Kifaransa kina mtego mkubwa zaidi, na unawahusu hasa wanaoandika Kiswahili nchini Kongo na Burundi, ambako nyaraka nyingi za serikali na za mashirika huanzia katika lugha hiyo. "Résorber" kimetoka maabara kikaingia katika uchumi: huresorbiwa upungufu wa bajeti, ukosefu wa ajira, mrundikano wa mashauri mahakamani. Picha ya mwanzo ni ya uvimbe au damu iliyovilia ambayo mwili huiondoa polepole mpaka ngozi ikarudi kama ilivyokuwa, na ni picha nzuri katika lugha yao. Kwetu haisafiri. "Kufyonza ukosefu wa ajira" hakumwambii msomaji wa Bukavu wala wa Bujumbura chochote, na "kurejesha" kungempa maana iliyo kinyume, kwamba ukosefu huo unarudishwa. Maana inayotakiwa ni kupunguza hatua kwa hatua mpaka kumaliza, na kitenzi cha Kiswahili kwa hilo ni "kumaliza", kikitanguliwa na "polepole" au "hatua kwa hatua" pale ambapo mwendo wenyewe una uzito katika sera. Kwa mrundikano wa mashauri hata "kupunguza na kumaliza" si kirefu mno, kwa kuwa kinamruhusu msomaji kuuliza umepunguzwa kwa kiasi gani hadi sasa.